Majina Yaliyobaki Redioni

Jioni, vumbi la soko la mifugo linapotulia na upepo kupungua, hoteli za mji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hujaa wazee na watu wa makamo. Chai ya maziwa huletwa ikiwa imejaa hadi ukingo wa glasi, na mazungumzo huanzia kwenye mambo ya siku: kama mvua imenyesha Merti au bado, mbuzi wanauzwaje, lori gani limekwama kwenye njia ya Garba Tulla. Halafu mmoja anatupa jina mezani.

"Mnamkumbuka Zamalek?"

Watu wananyamaza kidogo. Mmoja anasema jina si geni. Mwingine anakumbuka jezi ya kijani. Wa tatu ndiye anayefungua fundo: huyo ni Abbas Magongo wa Gor Mahia, alikuwa kwenye kikosi kilicholeta Kombe la Mandela mwaka 1987. Basi hapo kila mtu amepata la kusema. Peter Dawo anatajwa, na vichwa vyake. Austin Oduor, nahodha, naye anatajwa. Mtu anakumbusha kwamba mechi ya Tunis dhidi ya Esperance iliisha 2-2, na ya marudiano Nairobi ikaisha 1-1, Gor wakachukua kombe kwa mabao ya ugenini. Hadi adhana ya Isha watakuwa wamezunguka nchi nzima na miongo mitatu.

Mchezo huu wa kutajiana wachezaji una sharti moja tu: jina lisiwe kubwa mno. Ukimtaja Kipchoge Keino hutajibiwa, kwa kuwa Kipchoge ana uwanja wa jina lake Eldoret na kila mtoto wa shule amesoma habari zake. Jina zuri ni lile ambalo zamani lilijulikana na kila mtu, kisha likakaa miaka ishirini bila kutamkwa. Linapotamkwa tena, unaona nyuso zinavyofunguka. Mashabiki wa besiboli kule Marekani wana burudani kama hii. Wanaweza kumaliza usiku mzima wakitajiana wachezaji wa miaka ya 1970 na 1980, na nyota hawaguswi. Wanaotafutwa ni wale waliocheza misimu miwili katika timu ya mji fulani kisha wakaondoka bila kuagwa. Besiboli haichezwi Isiolo. Lakini raha ya kumrudisha mtu aliyekuwa anatoweka ni ileile, na mimi naiona kuwa kazi yenye heshima.

Wengi wa wazee hawa hawakuwahi kuwaona kwa macho wachezaji wanaowataja. Hilo ni jambo la kuzingatia sana. Mtu wa Nairobi aliyekwenda uwanja wa City au Nyayo anakumbuka miguu, anakumbuka jinsi winga alivyomzunguka beki. Mtu wa Isiolo anakumbuka sauti. Mpira ulimfikia kupitia Sauti ya Kenya, katika Idhaa ya Taifa, kwenye redio ya betri iliyovalishwa kifuko cha ngozi chenye matundu upande wa spika. Antena ikivunjika, iliungwa kwa waya uliofungwa kwenye tawi la mgunga. Betri zikianza kuchoka, sauti ya mtangazaji ilididimia kana kwamba anahama na mechi yake. Zilitolewa, zikaanikwa juu ya jiwe juani, kisha zikarudishwa ndani ili zivute dakika zilizobaki. Nyumba nyingi zilizima redio asubuhi nzima kusudi betri zisiishe kabla ya mechi ya alasiri.

Kwa hiyo mtangazaji alikuwa nusu ya mchezaji. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown, Mombasa, alianza utangazaji mwaka 1964, na ni yeye aliyeingiza katika Kiswahili cha Kenya maneno "Kadenge na mpira". Watoto walioyasema wakati wa kucheza na mpira wa makaratasi hawakuhitaji kujua Joe Kadenge ana sura gani. Walijua tu kwamba jina hilo likitamkwa mara mbili au tatu mfululizo, sauti ikipanda, bao limekaribia. Kadenge aliichezea Kenya tangu kabla ya uhuru, akang'ara na Abaluhya United, klabu iliyokuja kuitwa AFC Leopards, na alipostaafu akaendesha teksi Nairobi kwa miaka mingi. Alifariki Julai 2019 akiwa na miaka 84. Mbotela akamfuata Februari 2025. Siku zile mbili, hotelini Isiolo, ilikuwa kama kumzika mtu mmoja mara mbili.

Kadenge hajasahaulika, usemi umemshika. Ndiyo maana nauchukulia kama kipimo. Aliyepewa usemi au lakabu na watu anadumu kuliko aliyepewa medali tu. Mickey Weche alikuwa "T9", naye Mahmoud Abbas, golikipa kutoka Mombasa, akaitwa "Kenya One". Harambee Stars ya kocha Marshall Mulwa ilitwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983: Dar es Salaam wakawafunga wenyeji, Kampala wakawashinda wenyeji kwa penalti, na nyumbani Nairobi wakaipiga Zimbabwe. Muulize kijana wa leo nani alikuwa kocha. Jina la Mulwa halitoki. La Abbas linaweza kutoka, kwa sababu ya ile "Kenya One".

Riadha ina msiba mkubwa zaidi, maana mkimbiaji wa Kenya hufunikwa na mkimbiaji mwingine wa Kenya. Chukua Julius Kariuki, mtu wa Nyahururu, ng'ambo tu ya tambarare za Laikipia ukitoka hapa. Tarehe 30 Septemba 1988 mjini Seoul alishinda fainali ya Olimpiki ya mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.51. Nyuma yake alikuwa Mkenya mwenzake Peter Koech. Wa saba alikuwa Patrick Sang, yule ambaye dunia sasa inamjua kama mwalimu wa Eliud Kipchoge. Muda wa Kariuki ulikuwa karibu mno na rekodi ya dunia. Ulikosa kwa kiasi cha moja ya kumi ya sekunde tu. Na sasa sikiliza hili: muda ule, uliokuwa rekodi ya Olimpiki, ulisimama kwa miaka 28. Wakenya walishinda mbio hizo Barcelona, Atlanta, Sydney, Athens, Beijing na London, mabingwa walikuja na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyeufikia muda wa Kariuki mpaka Conseslus Kipruto alipokimbia 8:03.28 Rio mwaka 2016. Kwa miaka hiyo yote jina lililokuwa juu ya orodha lilikuwa la mtu ambaye Wakenya wengi wangempita barabarani bila kumsalimia. Ukitafuta mfano mmoja wa nchi kumpuuza mtu wake aliye bora, huu unatosha.

Rekodi ya dunia aliyoikaribia Kariuki ilikuwa ya Henry Rono, na habari ya Rono ndiyo inayowafanya wazee wa Isiolo waache kunywa chai. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Washington State, Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, alikimbia mita 5000 kwa 13:08.4. Mei, Seattle, akaruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Juni, Vienna, mita 10,000 kwa 27:22.5. Kabla Juni haijaisha, Oslo, mita 3000 kwa 7:32.1. Mbio nne tofauti, katika nchi tatu, majira mamoja ya mwaka. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake, wala sijaona baada yake.

Na bado Rono hakukanyaga uwanja wa Olimpiki hata siku moja. Mwaka 1976 Kenya iliondoka Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa sababu New Zealand, iliyokuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow, kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Mtu akiwa na miaka 24 anazuiwa; akiwa na 28 anazuiwa. Huo ndio umri wa mkimbiaji, hauna mwingine. Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich 1972, naye alikosa zote mbili. Naunga mkono msimamo wa 1976. Ubaguzi ule ulistahili kususiwa na zaidi. Lakini taifa linapowaomba vijana wake watoe sadaka ya namna hiyo, linabaki na deni, na deni la kwanza kabisa ni kuwakumbuka. Rono aliingia katika ulevi, akafanya vibarua vya kila aina Marekani, akajiokoa polepole, akaandika kitabu cha maisha yake mwaka 2007, akarudi Kenya mwaka 2019 na kufariki Februari 2024 akiwa na miaka 72. Baada ya kifo chake magazeti yaliandika vizuri sana.

Wapo waliosahaulika kwa sababu hawakufanana na picha ambayo nchi ilikuja kujichorea. Seraphino Antao, kijana wa Mombasa wa asili ya Goa, alishinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Perth, mwaka 1962. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo ile, na zililetwa na mtu wa mbio fupi. Mwaka 1964 Tokyo ndiye aliyebeba bendera. Kisha Kenya ikawa nchi ya mbio ndefu na ya nyanda za juu, na mtu wa pwani aliyemaliza kazi yake kwa sekunde tisa na nusu akakosa pa kuwekwa. Alihamia London, akafia huko mwaka 2011. Timu ya magongo iliyomaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, chini ya watu kama Avtar Singh Sohal aliyecheza Olimpiki nne, imepatwa na hayohayo. Na wanawake? Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire ndio wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki, Mexico 1968. Sabina Chebichi alileta shaba ya mita 800 kutoka Christchurch mwaka 1974 akiwa msichana mdogo. Hotelini Isiolo majina yao ni nadra kutajwa, na nimewaambia wazee hao kwamba katika hilo mchezo wao una kasoro. Walinikubalia.

Kuna jina moja linalotajwa Isiolo kwa sauti ya pekee: Paul Ereng. Si mtu wa Isiolo. Ni Mturkana aliyezaliwa Kitale na kusoma Starehe. Lakini Isiolo ina Waturkana wengi, Ngaremara hadi viungani mwa mji, na mwaka 1988 ushindi wake ulikuwa wao. Ereng alikuwa mtu wa mita 400. Mita 800 aliziingia kwa dhati mwaka huohuo, akiwa chuoni Virginia, na Septemba akawa bingwa wa Olimpiki kwa 1:43.45, akimpita Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa wa 1984, kwenye mnyoosho wa mwisho, huku Said Aouita wa Morocco akija wa tatu. Kwa mtu wa kaskazini, aliyezoea kusikia kwamba mabingwa wa Kenya hutoka kwingine, kusikia redioni jina linaloanza kwa E, jina la Kiturkana, likipita majina yote ya dunia kulikuwa jambo zito. Mwaka 1989 aliongeza ubingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi, Budapest, na rekodi ya dunia. Baadaye akawa kocha Marekani. Leo ukisema mita 800 ya Kenya, watu wanaruka moja kwa moja hadi kwa David Rudisha.

Lakini mpaka hapa nimezungumzia watu ambao angalau wana mahali walipoandikwa. Mtu akitaka muda wa Kariuki ataupata. Ninachokijali zaidi hapa ni wachezaji wa Isiolo wenyewe, wale ambao hata redio haikuwafikia.

Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Kwa muda mrefu mchezaji wa kaskazini hakuwa na kwao pa kuchezea. Tangu sheria ya 1902 eneo lote la Northern Frontier District lilikuwa wilaya zilizofungwa: kuingia na kutoka kulitaka kibali, na Isiolo ndiyo ilikuwa lango, penye kizuizi cha polisi ambapo msafiri wa kwenda juu aliandikishwa. Mwaka 1963 mkoa mpya wa Kaskazini Mashariki ulipoundwa kwa Garissa, Wajir na Mandera, Isiolo na Marsabit zikatiwa katika Mkoa wa Mashariki uliotawaliwa kutoka Embu. Mwaka huohuo, mwezi Juni, mkuu wa wilaya Daudi Dabasso Wabera, ambaye kata ya Wabera mjini imepewa jina lake, aliuawa kwa risasi. Desemba ikatangazwa hali ya hatari, na vita vya shifta, yaani waasi wa kaskazini, vikaendelea hadi 1967. Sheria za dharura za kaskazini hazikufutwa hadi 1991.

Weka sasa kijana mwenye kipaji ndani ya historia hiyo. Ana miaka kumi na minane mwaka 1965, ana mbio, ana mguu wa kushoto. Nani atakuja kumtazama? Skauti wa klabu ya Nairobi hawezi kupita kizuizini kwa ajili ya winga. Gazeti haliji isipokuwa pana maiti. Mashindano ya mkoa yako Embu au Machakos, na kufika huko ni kupanda nyuma ya lori la serikali pamoja na magunia, kushuka Meru usiku, kulala darasani, kucheza asubuhi na watu waliolala vitandani mwao. Njia pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ya majeshi. Mji wenyewe, kwa sehemu, ulianzishwa na wanajeshi: Wasomali wa Isaaq waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makao hapa. Na ni kambi za jeshi zilizowalea Wilson Kiprugut, aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800 Tokyo 1964, na Naftali Temu, aliyeleta dhahabu ya kwanza, mita 10,000 Mexico 1968. Kijana wa kaskazini aliyeshukiwa kuwa shifta kwa sababu ya jina lake na kabila lake, mlango huo nao haukuwa mpana kwake.

Kwa hiyo alicheza Isiolo. Alicheza kwenye uwanja wa vumbi ambao Julai na Agosti upepo huubeba na kuumwaga upande wa pili, mpaka kipindi cha kwanza cha kucheza na upepo kikawa na thamani ya mabao mawili. Timu ya mtaa dhidi ya timu ya mtaa, walimu dhidi ya askari, Bulla Pesa dhidi ya wengine wote. Jumamosi ile alikuwa mtu mkubwa kuliko mbunge.

Mzee mmoja alinionyesha picha ya timu yake. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, imekunjika katikati, pembe moja imeliwa na mchwa. Wachezaji wamesimama safu mbili, waliochutama mbele wameshikana mabega. Jezi zina mistari, lakini mmoja amevaa shati la kawaida lenye kola, na golikipa amevaa sweta la shule. Watatu kati yao hawana viatu. Nyuma ya picha mtu aliandika majina kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa karani, kufuata mpangilio wa safu. Jasho la mikono na miaka vimeyala. Mzee alianza kunisomea kwa kidole: huyu beki wa kulia, alikwenda Marsabit kufanya kazi ya barabara, huyu alikuwa Mmeru mwenye duka, pasi zake hazikosei, huyu alikufa njaa ya ule mwaka mbaya. Alipofika kwa kijana mrefu aliyesimama mwisho kushoto alisimamisha kidole. Alimtazama muda mrefu. Alikumbuka bao alilofunga, kichwa, kutoka kona, dhidi ya timu ya polisi. Alikumbuka kicheko chake. Jina halikuja, na penseli mahali pale ilikuwa imefutika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliisemea biashara, lakini mahali pa kuitazama ikifanya kazi ni pale kwenye pembe ya kushoto ya picha ile.

Hapa ndipo Wamarekani wana la kutufundisha. Mwaka 1969 kampuni ya Macmillan ilichapa kitabu kikubwa cha takwimu za besiboli, kilichokusanya wachezaji wote wa ligi kuu tangu karne ya kumi na tisa. Wote, pamoja na aliyecheza siku moja. Mmoja wao ni Archibald Graham, aliyeitwa "Moonlight". Tarehe 29 Juni 1905 aliingizwa uwanjani na timu ya New York Giants mwishoni mwa mechi, akasimama upande wa kulia. Zamu yake ya kupiga mpira ilikuwa inafuata wakati zamu ya mwisho ya timu yake ilipoisha. Hakucheza tena katika ligi kuu. Alisomea udaktari, akatibu watu katika mji mdogo wa Chisholm, Minnesota, kwa karibu nusu karne, akafa mwaka 1965. Kitabu kikamwandika: mechi moja, kupiga sifuri. Mwandishi W. P. Kinsella aliuona mstari ule mtupu, ukamkereketa, akamwingiza Graham katika riwaya yake ya 1982, na mwaka 1989 riwaya ikawa filamu. Mamilioni ya watu wamemlilia mtu ambaye katika ligi kuu hakugusa mpira kwa kigongo chake.

Hayo yote yaliwezekana kwa sababu karani fulani mwaka 1905 aliandika jina kwenye karatasi ya mechi, na karatasi ikatunzwa. Wala usidhani Wamarekani walikuwa na wachezaji bora wa kukumbukwa kuliko wetu. Walikuwa na tabia ya kuandika. Mwaka 1971 mashabiki wao waliunda chama kizima cha utafiti wa historia ya besiboli, watu wa kawaida kabisa, walimu, wahasibu na makarani wa posta, ambao hadi leo huchimba magazeti ya zamani ili kujua mchezaji fulani alizaliwa wapi na amezikwa wapi. Hawakungoja serikali.

Najua kuna watakaosema Isiolo ina mambo mazito zaidi: maji, malisho, usalama, barabara. Ni kweli, na hakuna mzee aliyeniambia tofauti. Lakini mji huu una watu wa Borana, Somali, Meru, Turkana, Samburu na Sakuye, na umewahi kumwaga damu kwa sababu ya mipaka ya makabila hayo. Ile picha iliyokunjika ina watu wa makabila manne wameshikana mabega, enzi ambayo vitabu vya historia vinaikumbuka kwa risasi tu. Ule nao ni ukweli wa Isiolo, na hauna ushahidi mwingine zaidi ya picha kama zile na vichwa vya waliomo. Ukipotea, utabaki upande mmoja wa habari. Sioni jambo jepesi hapo.

Kazi inayohitajika si kubwa. Haihitaji kamati wala bajeti ya kaunti, ingawa maktaba ya kaunti ikitenga rafu moja itakuwa imetenda haki. Inahitaji daftari la shule, kalamu, na mtu mwenye subira ya kukaa na mzee vikao viwili au vitatu. Muulize jina kamili na lakabu. Muulize alicheza nafasi gani, timu gani, mwaka gani; akikosa mwaka, muulize ilikuwa kabla au baada ya ukame upi, maana wazee wa kaskazini wana kalenda yao na haikosei. Muulize nani alikuwa golikipa, kwa kuwa golikipa husahaulika kwanza. Muulize kama dada zake walikimbia shuleni, na walikimbia nini. Kama kuna picha, ipige kwa simu mbele na nyuma, na majina uyaandike upya kwa wino siku hiyohiyo, mbele yake, akikusahihisha. Kisha tengeneza nakala: moja abaki nayo yeye, moja ikae shuleni.

Wanafunzi wa Isiolo Boys, Isiolo Girls na Garba Tulla wanaweza kuifanya kazi hii likizo moja. Wewe msomaji unaweza kuianza wiki hii, popote ulipo, maana kila mji wa nchi hii una uwanja wake na mzee wake. Nenda ukamuulize majina, uyaandike yote, na usimwache nje hata aliyeingia dakika ya mwisho.